Nani Alimwita Naoya?

"Shii! Usimwite jina huku!"

Mama Kinue aligeuka ghafla kwenye ngazi za mawe, fimbo yake kainyanyua kama anayetaka kumchapa mtu. Chizuru akafunga mdomo. Alikuwa ndiyo kwanza anataka kumwita mchumba wake, Seigo, aliyekuwa nyuma yao hatua kumi tu, lakini ukungu ulikuwa umemmeza mzima mzima. Kilichosikika ni kengele ya kufukuza dubu aliyoining'iniza kwenye mkoba wake. Kling. Kling.

"Nimwiteje sasa, Mama?"

"Mpigie kengele. Mpigie makofi. Mwite 'we bwana', mwite 'mzembe', mwite unavyotaka. Ila jina, hapana. Si kwenye ukungu."

"Mzembe ni mimi?" sauti ya Seigo ikatoka kwenye ule weupe. "Nimebeba maji, nimebeba mkeka, nimebeba chai ya watu watatu. Punda angekuwa ameshalala chini."

"Punda halalamiki," Mama Kinue akamjibu.

Chizuru akacheka. Siku ile hakucheka tena.

Ilikuwa Novemba, saa mbili kasoro asubuhi. Mwezi ule ukungu hujaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, na mpaka saa nne jua haliwezi kuupasua. Walikuwa wanapanda kwenda Ngome ya Karasude, au tuseme mabaki yake: kuta za mawe zisizo na paa, kisima kilichokauka, na nyasi ndefu zilizoota pale walipokuwa wakilala mashujaa miaka mia nne na zaidi iliyopita.

Mama Kinue, bibi wa miaka sabini na miwili, hakuwa mama wa Chizuru wala wa Seigo. Alikuwa mama wa Naoya. Na Naoya ndiye aliyepaswa kumwoa Chizuru. Miaka sita nyuma, wiki tatu kabla ya harusi, alipanda ngomeni asubuhi yenye ukungu kama huu, akaanguka kutoka ukutani, akafa.

Chizuru alibaki akishona mikoba kiwandani, hamwangalii mwanamume. Jumapili alikwenda kumsaidia Mama Kinue kuosha vyombo na kuzungumza na picha ya Naoya. Huko ndiko alikokuwa akimkuta Seigo, fundi wa mapaa, rafiki wa Naoya tangu utotoni. Seigo alileta kuni. Seigo aliondoa theluji juu ya paa. Seigo alimenya matunda ya kaki, yale matamu ya rangi ya chungwa, na kuyaning'iniza yakauke, bila kusema neno. Mapenzi yao yaliota polepole jikoni mle, mbele ya macho ya mama mwenyewe, mpaka siku moja Mama Kinue akasema, "Nyie mnadhani mimi kipofu?"

Sasa harusi ilikuwa imebaki siku kumi na mbili. Sharti la Mama Kinue lilikuwa moja tu.

"Twendeni sote watatu juu, mkamwambie Naoya. Nyinyi wenyewe, kwa vinywa vyenu. Siwezi kula harusini kwenu kabla mwanangu hajaambiwa."

Seigo alikuwa na visingizio vya kutosha. Mara kuna paa la watu linavuja, mara mvua, mara dubu wameonekana. Tangu msiba ule hakuwahi kukanyaga ngomeni, hata siku za kijiji kufyeka nyasi. Lakini visingizio navyo huisha.

Walipofika kwenye mawe mawili makubwa yaliyokabiliana, Mama Kinue akakaa kupumua.

"Hapa palikuwa lango," akasema. "Wewe umezaliwa pwani, Chizuru. Haya huyajui."

"Niambie basi, Mama."

"Walizingirwa siku tisini. Mchele ukaisha, wakala farasi, wakachemsha mikanda ya ngozi wakanywa supu yake. Lango halikufunguka. Basi adui wakashuka kijijini, wakamkamata binti mmoja, mchumba wa mlinzi wa lango hili hili. Ukungu ulipotanda wakampandisha hadi hapo uliposimama. Kisu shingoni. Wakamwambia, mwite."

Chizuru alisogeza mguu bila kujua.

"Akaita?"

"Akaita. Na yule kijana akafungua. Kabla chai haijapoa, ngome nzima ilikuwa imekwisha."

"Na binti?"

"Walimwachia aende zake. Kuna adhabu kubwa kuliko hiyo? Wazee wanasema kila ukungu ukitanda alikuwa anapanda huku, anaita na kuita, aombe radhi. Na hajaacha. Ndiyo maana ukisikia jina lako huku juu, huitiki wala husogei. Unakaa pale pale mpaka uuone uso wa anayekuita."

"Naoya alijua hayo?"

"Nilimnyonyesha nayo."

"Sasa kwa nini alisogea?"

Mama Kinue aligeuka. Alimtazama Seigo, aliyekuwa ameinamia kamba za kiatu chake. Kamba zilikuwa zimefungwa vizuri tu.

"Twendeni," bibi akasema. "Jua halitusubiri."

* * *

Juu kabisa palikuwa na uwanja mpana wa nyasi. Ukungu ulikuwa mzito mpaka mtu akinyoosha mkono, vidole vinapotea. Hakuna ndege aliyelia. Seigo akatandika mkeka karibu na kisima kikavu, Mama Kinue akaanza kupanga matonge ya wali, vikombe vya chai na ubani.

"Ngoja nichume maua," Chizuru akasema. Alikuwa ameona krizanthemu za mwituni, njano, hatua chache pembeni.

"Usiende mbali."

"Hapa hapa tu."

Akachuma moja. Akachuma la pili. La tatu lilikuwa mbele kidogo. Akainuka, na ghafla akatambua kwamba hasikii kengele tena. Aligeuka. Nyuma weupe, mbele weupe.

"Chizuru."

Sauti ya mwanamke. Laini, yenye uchovu, kama ya mama anayemwamsha mtoto asichelewe shule. Ilitoka mbele yake.

Akapiga hatua moja kabla akili haijamrudia. Mama Kinue alikuwa nyuma. Na Mama Kinue hawezi kuita jina.

"Chizuruuu."

Safari hii ilikuwa karibu zaidi. Aliganda pale na maua yake mawili, mdomo ameubana kwa meno mpaka akaonja damu. Alitaka kuitika. Hilo ndilo lililomtisha kuliko sauti yenyewe, jinsi alivyotaka kuitika.

Mkono ukamdaka upindo wa koti. Akapiga ukelele.

"Ni mimi," Mama Kinue akasema, uso wake umetokea ubavuni mwake. "Rudi nyuma. Taratibu."

Bibi alinyoosha fimbo mbele ya miguu ya Chizuru, akagusa chini. Fimbo haikugusa kitu. Uwanja uliishia pale, kwenye ukingo wa ukuta.

"Mama, nani kaniita?"

"Mimi sijaita."

Walirudi mkekani wameshikana mikono. Seigo alikuwa amekaa kama alivyoachwa, birika mkononi, chai inamwagikia gotini na hana habari.

"Umesikia?" Chizuru akamuuliza.

Akaitikia kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Umesikia nini?"

"Tushuke," akasema. "Nakuomba. Tushuke sasa hivi."

"Hatushuki," Mama Kinue akasema, akawasha ubani. "Hatujafanya tulichokuja kufanya. Chizuru, anza wewe."

Chizuru akapiga magoti, akaunganisha viganja. Maneno yalitoka polepole. Alimwambia Naoya kwamba hajamsahau. Kwamba alijaribu kuishi peke yake ikamshinda. Kwamba Seigo ni mtu mwema, yeye mwenyewe alikuwa akimsifu. Akamwomba asikasirike.

"Sasa wewe," bibi akamgeukia Seigo. "Mwambie."

Seigo akapiga magoti. Akafungua kinywa.

"Na..." Akameza mate. "Na..."

"Jina la marehemu halina tatizo," Mama Kinue akasema taratibu. "Mwite tu. Si mara ya kwanza kumwita hapa."

Chizuru alitazama huku na huku.

"Mama, una maana gani?"

Mama Kinue akatoa kifuani simu yake ya kukunja, ile ya zamani ambayo watu wote walimcheka kwa kuikataa kuitupa. Akaiweka juu ya mkeka kati ya vikombe.

"Asubuhi ile Naoya alinipigia akiwa hapa. Saa mbili kasoro dakika tano. Unajua alitaka nini? 'Mama, tonge lenye plamu ni la kulia au la kushoto?' Nikamwambia la kushoto. Akacheka, akasema, 'Sawa, hilo nampa Seigo, ndiye anayependa uchachu.'"

Chizuru akamtazama Seigo. Kijiji kizima kilijua kwamba asubuhi ile Seigo alikuwa juu ya paa la hekalu, akibadilisha vigae.

"Kisha nikasikia mtu anaita. 'Naoyaaa!' Mwanangu akasema, 'Huyo kafika.' Akaitika, 'Nakuja!' Hakukata simu." Sauti ya bibi haikupanda wala kushuka. "Nikasikia nyasi. Halafu nikasikia mawe."

"Mama..." Seigo akasema.

"Miaka sita nimekutazama mdomo. Ukinywa supu kwangu, nakutazama mdomo. Ukileta kuni, nakutazama mdomo. Najisemea, leo atasema. Mwaka huu atasema. Siku uliyokuja kunieleza habari ya harusi, nilifikiri umekuja kusema hilo. Ukasema mengine."

"Kwa nini hukuwaambia polisi?" Chizuru akauliza, na hakuitambua sauti yake.

"Niwaambie nini? Kwamba nimesikia jina kwenye simu? Hapa kila mtu angesema ni mlima umemwita. Na mimi kuna siku niliamini hivyo. Ndiyo maana leo nimekuleta, kijana. Niambie mimi mama yake. Aliyeita ni wewe, au ni mlima?"

Seigo akainama mpaka paji la uso likagusa nyasi.

"Ni mimi."

* * *

Alieleza akiwa vile vile, uso ardhini.

Usiku wa kuamkia siku ile alimtumia Naoya ujumbe. Asubuhi akapanda kwa njia ya nyuma, ukungu ukampoteza. Alijikuta amesimama mahali asipopajua, akaogopa. Akasahau kila alichofundishwa tangu mtoto, akaita. Hakujua kwamba yuko ng'ambo ya handaki, lile walilochimba watu wa kale chini ya ukuta ili adui asivuke. Naoya alimfuata moja kwa moja alikosikia sauti ya rafiki yake. Na kati yao ardhi haikuwepo.

"Nilishuka kwa mizizi ya miti. Nikamkuta. Alikuwa kama mtu aliyelala kwa uchovu. Niliweka sikio kifuani kwake. Nikaweka tena."

"Halafu?" Chizuru akauliza.

"Nikakaa naye. Sijui muda gani. Halafu nikaondoka."

"Ukaondoka."

"Nikaenda hekaluni nikapanda juu ya paa."

"Ukapiga vigae."

"Ndiyo."

Chizuru akasimama. Alikumbuka saa sita ya siku ile, wafyeka nyasi walipouona mwili. Alikumbuka wanaume wanne waliobeba machela kuteremka kijijini, na aliyeshika mbele upande wa kulia akilia kwa sauti kuliko wote.

"Ulibeba machela, wewe! Ulilia! Mimi nilikuja nikakuangukia wewe, kati ya watu wote pale! Miaka sita machozi yangu ulikuwa unayafuta kwa mkono gani?"

"Chizuru..."

"Usiniite jina!"

Sauti yake iligonga kuta, ikarudi vipande vipande. Wote watatu walingoja mpaka iishe.

"Kwa nini?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ilikuwa ajali. Kwa nini hukusema?"

Seigo akaingiza mkono mkobani, akatoa simu nyingine, yake ya miaka ile, kioo kimepasuka. "Naichaji kila Jumapili," akasema. "Ujumbe wa usiku ule sijawahi kuweza kuufuta."

Chizuru akasoma.

*Kesho asubuhi nina neno nataka kukwambia. Juu ngomeni, watu wasisikie. Nikishasema nahamia Osaka. Harusini sitakuja. Nisamehe.*

Chini yake jibu la Naoya.

*Neno lenyewe nalijua tangu kiangazi. Unavyomtazama Chizuru, hata paka wa mama anajua. Usihame, mjinga wewe. Njoo tunywe chai.*

Aliusoma mara tatu. Ilikuwa kama Naoya amekaa pale mkekani, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama kawaida yake.

"Mtu anampenda mchumba wa rafiki yake," Seigo akasema. "Anamwita rafiki kwenye ukungu, rafiki anaanguka. Nani angeniamini?"

"Yeye aliamini," Mama Kinue akasema, akionyesha simu. "Yeye alijua yote na akakuletea tonge la plamu. Na wewe ukamwacha kwa muda wa saa nne nzima kwenye baridi, peke yake. Mimi nilikuwa kule chini, ukungu hauniruhusu kupanda, napiga simu yake, inaita tu. Ulikuwa unaisikia ikiita?"

Seigo aliziba masikio kwa viganja.

"Nauliza, ulikuwa unaisikia?"

"Ndiyo, Mama."

Bibi akafumba macho. Alipoyafumbua, akauliza jambo ambalo Chizuru hakulitegemea.

"Uliita mara ngapi?"

"Mara moja."

"Leo usinidanganye."

"Mara moja, Mama. Niliita, akaitika, nikanyamaza kumsubiri. Naapa kwa kaburi lake."

Mama Kinue aliigeuzageuza simu yake vidoleni.

"Mimi nilisikia mara mbili," akasema. "Ya kwanza ilikuwa mbali. Yako, niliitambua. Akaitika, akasimama. Nakwambia alisimama, Seigo, nilisikia nyasi zimetulia. Alikumbuka nilivyomfundisha. Kisha ikaja ya pili, karibu kabisa na simu. Hapo ndipo akatembea." Akamwangalia Chizuru. "Ilikuwa sauti ya mwanamke. Kama ya mtu aliyechoka."

Upepo haukuwepo, lakini ukungu ulianza kusogea, ukafunguka polepole kama pazia. Wakaliona handaki. Wakaona maua ya njano ukingoni, yale ambayo Chizuru hakuyafikia, na alama ya kiatu chake kwenye tope, ncha yake ya mbele imekatikia ukingoni kabisa.

Seigo aliinua uso. Kulikuwa na kitu machoni pake kinachofanana na matumaini, na Chizuru alikichukia kitu kile.

"Usijifiche nyuma ya huyo," akamwambia. "Iwe sauti moja, iwe mbili. Aliyepanda juu ya paa ni wewe."

Akavua pete. Hakuitupa, akaiweka juu ya mkeka karibu na vikombe. Akamshika Mama Kinue mkono, wakashuka wawili. Nyuma yao hawakusikia kengele.

* * *

Ujumbe ulikuja siku ya pili jioni.

*Nimetoka polisi. Nimeeleza yote, nimewaachia na simu. Kesho nitaeleza kwenye mkutano wa kijiji. Sikuandikii ili urudi. Sikutaka usikie kwa watu.*

Chizuru hakujibu. Aliwapigia wageni mmoja mmoja kuwaambia harusi haipo. Polisi walimhoji Seigo wiki nzima, wakaandika kwamba ni ajali, wakamwonya vikali kwa kumwacha maiti. Kijiji hakikuwa laini namna hiyo. Aliposimama kwenye ukumbi na kusoma kwa sauti, kutoka kwenye karatasi, ujumbe wake na jibu la Naoya, wazee wawili walitoka nje. Hekalu likatafuta fundi mwingine. Akina mama walikuwa wakivuka barabara wakimwona.

Januari, Chizuru akiwa kiwandani, simu ikaita.

"Mwanangu, yule mtu yuko juu ya paa langu," Mama Kinue akasema.

"Nani?"

"Nani mwingine? Theluji imefika dirishani. Nimemfukuza kwa ufagio, akashuka. Nikaingia ndani, akapanda tena."

"Waite polisi."

"Nimefikiria. Lakini paa lingeniangukia wakiwa njiani." Chizuru akasikia ufagio ukiwekwa chini. "Sijamsamehe."

"Wala mimi."

"Basi tuko wawili. Ila nimemtolea supu nje, mlangoni. Ya jana. Si kwamba nimempikia."

"Sijasema kitu, Mama."

"Nimekusikia ukicheka."

"Sijacheka."

"Haya."

Chizuru alikata simu, akarudi kwenye cherehani. Alishona mpini wa mkoba ukaenda upande, ikabidi aufumue.

Agosti, siku za kuwapokea wafu nyumbani, alikwenda makaburini na ndoo ya maji. Seigo alikuwa pale, anang'oa magugu kwenye kaburi la Naoya. Amekonda. Alipomwona akasimama, akainama, akataka kuondoka.

"Kaa," Chizuru akasema. "Nina maswali. Ukinidanganya nitajua."

Akakaa chini.

"Kwa nini hukuhama? Osaka mapaa ni mengi, na hakuna anayekujua."

"Naoya aliniambia nisihame."

Chizuru akamimina maji juu ya jiwe, polepole.

"Ulikuwa unanipenda kabla hajafa."

"Ndiyo."

"Ulitaka afe?"

Nyenze walikuwa wakilia kwenye misonobari, kelele za kuziba masikio. Seigo hakukimbilia kujibu.

"Nimejiuliza hilo kuliko utakavyoweza kuniuliza," akasema hatimaye. "Sikutaka. Lakini nilipoondoa sikio kifuani kwake, nikajua amekufa, kabla sijalia, kabla ya kitu chochote, nilikuwazia wewe. Kwamba sasa uko peke yako. Wazo lilipita kama mbwa anavyopita mlangoni, sikuliita. Lakini lilikuwa langu. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Polisi niliwaogopa baadaye."

Chizuru aliweka kata ya maji chini. Alikuwa amekuja amejiandaa kumsikia akisema hapana, ageuke, aende zake, asirudi tena maisha yake yote. Hapana ya haraka ingetosha. Hili hakulitegemea. Hakuna mtu angelisema ili apendwe.

Alikaa upande wa pili wa kaburi. Akaichukua tena kata, akamimina mpaka ndoo ikaisha maji.

"Wiki ijayo nitakuja tena," akasema akiinuka. "Ukiwepo, uwepo."

Alikuwepo. Na wiki iliyofuata. Oktoba walitembea pamoja hadi kituo cha treni, watu wakiwatazama. Novemba alimwambia, kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe njia, "Pete yangu iko wapi?"

"Kwa Mama Kinue. Nilimpelekea, akaniambia nisiiguse tena."

* * *

Hawakutaka sherehe. Walichukua fomu ya ndoa kutoka ofisi ya mji, wakaijaza kwenye meza ya jikoni kwa Mama Kinue, kwa sababu Chizuru alisema, kama ni kufukuzwa, tufukuzwe leo.

Bibi alivaa miwani, akaisoma fomu kutoka juu mpaka chini kana kwamba ni barua ya mahakama.

"Hapa panatakiwa mashahidi wawili," akasema. "Wa kwanza ni dada yako, Chizuru, jina lake naliona. Wa pili yuko wapi?"

Seigo akatazama chini. "Hatuna, Mama. Nimeuliza watu. Tutamwomba mwenzake Chizuru wa kiwandani."

"Hm."

Mama Kinue akainuka, magoti yakalia. Akaenda chumba cha pili, kwenye altare yenye picha ya Naoya. Wakamsikia akifungua droo. Wakamsikia akinong'ona kitu, hawakukielewa, halafu kimya, kama mtu anayengoja jibu. Chizuru alimshika Seigo mkono chini ya meza. Ulikuwa baridi kama samaki.

Bibi alirudi na vitu viwili. Pete akaisukuma mezani mpaka ikamfikia Chizuru. Muhuri wake mdogo akauhemea, akaukandamiza kwenye wino mwekundu.

"Aliyesikia siku ile ni mimi," akasema. "Aliyekaa na ukweli miaka sita mkiwa hamjui ni mimi. Atafutwe shahidi gani mwingine?"

Akaandika jina lake. Akaweka muhuri juu ya karatasi, akaukandamiza kwa mikono miwili, muda mrefu, kama mtu anayezuia damu isitoke kwenye jeraha.

Seigo alikuwa analia bila sauti.

"Mama, umenisamehe?"

"Hapana," Mama Kinue akasema. Akauinua muhuri, akaupulizia wino ukauke. "Lakini nashuhudia. Haya, ondokeni, ofisi inafungwa saa kumi na moja."